Mshauri wa kwetu, mgeni mwenzetu, au Mwingereza na mkalimani wake?

Mtu akikuuliza "hujambo?" unajibu "sijambo." Hata kama hukupata usingizi tangu juzi, hata kama jana ulilia chooni kazini huku umefungulia maji ili wenzako wasisikie, ulimi unasema huna jambo. Zinafuata habari za watoto, za kazi, za nyumbani, na zote ni nzuri. Ndipo sauti inaposhuka na lile neno likatoka: "Ila..." Sisi tumelelewa kulisubiri. Asiyeijua lugha halisubiri. Ameuliza hali, ameambiwa nzuri, ameandika nzuri.

Nimekuwa mkalimani wa simu hapa Uingereza baada ya miaka ya kutunza wazee Leicester, na mimi mwenyewe nimekaa mbele ya washauri watatu tofauti, wale wanaotibu huzuni na hofu kwa mazungumzo. Ya watu niliowatafsiria ni amana, hayatoki. Yangu naweza kuyasema. Na swali ninaloulizwa na Waswahili wenzangu, kwa kawaida jikoni baada ya shughuli, masufuria yakioshwa, huwa lilelile: "Nitafute mtu wa kwetu, au niende tu kwa hawa wa serikali?"

Mimi huwaambia wasianze na rangi ya mshauri wala pasipoti yake. Kuna vitu vitatu vya kupima. Lugha: wewe hulia kwa lugha gani? Safari: yeye anajua kuishi na nchi mbili kifuani kukoje? Na umbali: mnaweza kukutana harusini? Mshauri mmoja kukupa vyote vitatu ni bahati ya mtende. Ukipata viwili shika, mradi ujue kile cha tatu umekikosa.

Mwingereza wa NHS, na mkalimani kwenye laini

England kuna huduma ya bure ya tiba ya mazungumzo inayoitwa NHS Talking Therapies; NHS ndiyo huduma ya afya ya serikali. Ilianza mwaka 2008 kwa jina jingine. Huhitaji daktari akuandikie barua; unajaza fomu kwenye tovuti yao au unapiga simu mwenyewe. Lengo lao ni watu 75 kati ya 100 waanze matibabu ndani ya wiki 6, na 95 ndani ya wiki 18. Wengi huanzishwa na msaada mwepesi wa simu pamoja na kijitabu cha mazoezi, kisha wakihitaji zaidi hupelekwa kwenye tiba ya fikra na tabia, ile waiitayo CBT, ambayo kwa kawaida ni vikao 6 hadi 20.

Kila kikao kinaanza na fomu. Ya kwanza, PHQ-9, ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Ya wasiwasi, GAD-7, ni maswali saba, jumla 21. Swali la tisa la ile ya kwanza linauliza kama umewaza ni afadhali ungekufa, au kujidhuru. Hapo ndipo watu wetu huandika sifuri hata kabla swali halijaisha, na astaghfirullah juu yake. Dini ni sababu moja. Nyingine ni sheria ya tulikotoka: Tanzania kujaribu kujiua ni kosa la jinai, na Kenya ilikuwa hivyo mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Mtu amekulia hapo, halafu aulizwe na mgeni kwenye simu! England iliifuta jinai hiyo mwaka 1961. Ukisema kweli hapo hufunguliwi kesi. Unaulizwa maswali zaidi na mnapanga la kufanya siku mbaya ikija.

Kuna hofu nyingine ambayo siwezi kuiita ujinga. Takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba England watu weusi huzuiwa hospitalini kwa sheria ya afya ya akili kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya weupe. Kwa hiyo mtu akisema "nikienda wataniita kichaa wanifungie," hajaota. Lakini tiba ya mazungumzo na wodi ni milango miwili tofauti, na wengi wanaofungiwa hufika hali ikiwa imekwisha kuwa mbaya sana.

Sasa lugha. Mkalimani wa NHS ni bure na una haki ya kumwomba. Usikubali mtoto wako atafsiri, wala mume. Omba wa simu kutoka mji mwingine, omba mwanamke kama unataka mwanamke, na useme Kiswahili gani. Mama wa Bukavu akiwekewa mkalimani wa Tanga wataelewana, ila kuna pembe zitakazopotea. Mbajuni na Mbarawa ndio kabisa. Uliza pia kama kikao kitarefushwa, kwa sababu dakika 50 zikisemwa mara mbili zinabaki 25.

Na hata mkalimani akiwa hodari, kuna maneno yanayovuka mpaka yamelegea. "Nina mawazo" kwetu ni ugonjwa mzima: hulali, huli, kichwa kizito. Ukiitafsiri neno kwa neno kwa Kiingereza, mtu atadhani umekuja na mapendekezo. "Nimechoka" inaweza kuwa miguu, inaweza kuwa dunia. Na mwanamke akisema usiku marehemu bibi yake alikuja akasimama mlangoni, sisi tunajua anaeleza majonzi. Kwenye fomu inaweza kuandikwa kama ishara ya kuona visivyokuwepo.

Mshauri wangu wa kwanza alikuwa kijana wa Kiingereza, miaka ishirini na kitu, anayedhani Mombasa ni nchi. Nilimdharau wiki mbili. Kisha akanifundisha kulala. Kweli: saa ya kupanda kitandani, simu nje ya chumba, nini cha kufanya moyo ukienda mbio saa tisa za usiku. Kilichomshinda ni pesa. Nilimwambia natuma nyumbani kila mwezi, kwa mama na kwa watoto wa marehemu kaka yangu, na akaniuliza taratibu kabisa ingekuwaje nikiwaambia hapana, nijiwekee mpaka. Swali si baya kwa mtu wake. Kwangu ilikuwa kama kuniuliza ingekuwaje nikiuacha mkono wangu kwenye basi. Nikacheka, naye akaandika kitu. Tangu siku hiyo habari zangu zote zikawa nzuri.

Kwa kukosa usingizi, hofu za ghafla na moyo kwenda mbio, ningemwendea tena kesho. Lugha robo, safari hakuna, umbali kamili.

Mtu wa kwetu

Wapo. Kuna mtandao wa washauri weusi, Waafrika na Waasia, BAATN, ulioanzishwa na Eugene Ellis, wenye orodha unayoweza kuitafuta mtandaoni. Upo na mtandao wa washauri Waislamu. Wengi wa walio kwenye orodha hizi hutoza: pauni 50 hadi 80 kwa kikao ni bei ya kawaida, London hupanda. Uliza kama wana bei ya kipato kidogo. Wengi wanayo lakini hawaitangazi. Wanafunzi wa mwisho wa masomo, walio chini ya msimamizi, hutoza kidogo zaidi, na sijaona sababu ya kuwakimbia.

Jambo moja la kuangalia kabla ya yote. Sheria ya Uingereza hailindi jina la mshauri wala la mtaalamu wa tiba ya mazungumzo. Jirani yako anaweza kubandika kibao leo. Majina ya saikolojia ya kliniki na mengine machache ndiyo yanayolindwa, na wenye nayo wamo kwenye daftari la HCPC, bodi ya kisheria inayosajili wataalamu wa afya. Kwa washauri wengine tafuta jina lake kwenye vyama vyao, BACP, UKCP au NCPS, na ulihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya chama. Nasema hivi kwa sababu mtu wa kwetu akitupa kadi msikitini au kanisani huwa tunaona haya kumhakiki. Mhakiki.

Niliyempata mimi alikuwa mama wa Kenya, mkubwa wangu kwa miaka kumi na tano. Kikao cha kwanza nilitoka nikiwa mwepesi. Sikueleza mahari ni nini. Sikueleza kwa nini mtoto wa ndugu ni mwanangu. Alisubiri kila "ila" mpaka mwisho. Lugha kamili, safari kamili.

Umbali ndio uliotuangusha. Mara ya pili aliniuliza, kama tuulizanavyo sote, "Wewe wa akina nani?" Nikamjibu, naye akamjua mke wa ami yangu. Kwa kanuni za kazi yake alipaswa kusimama hapo tukazungumza kama tunaweza kuendelea. Hakusimama, na mimi sikujua kwamba kuna kanuni. Siamini aliwahi kutoa neno nje. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilianza kuchota kwa uangalifu: nikasema ya kazini, nikaficha ya ndoa.

Hata kama asingemjua mtu yeyote, kulikuwa na kizuizi nilichokitengeneza mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, nikamwita mama. Ukishamwita mtu mama, kuna mambo huyasemi mbele yake. Huwezi kumwambia kwamba humtamani mumeo, wala kwamba uliwahi kumchukia mamako mzazi. Huwezi hata kumwambia "hapo umekosea." Na yeye, kwa kuwa alipita njia hiyohiyo, alikuwa na jibu karibu sana: vumilia, mwanangu, ndivyo maisha ya huku yalivyo. Nilikuwa nimeshavumilia. Ndiyo maana nilikuwa pale.

Ukienda kwa wa kwenu, basi, msemezane mapema: mtaitana nani, mtafanya nini mkikutana arusini au msibani, na kama anamjua mtu wako yeyote. Mwambie pia akueleze mipaka ya siri. Mshauri yeyote hapa anaweza kuivunja maisha yakiwa hatarini au mtoto akiwa hatarini. Zaidi ya hapo, isipokuwa sheria ikimlazimu, yako ni yako.

Mgeni mwenzako

Huyu watu hawamfikirii, na ndiye ninayempigia debe.

Leicester imejaa watu ambao wazazi wao walizaliwa Kampala, Jinja, Nairobi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na zaidi ya 27,000 walikuja Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilitangaza kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije Leicester; wakaja. Mpaka leo utasikia bibi wa Kigujarati sokoni akimwambia mjukuu alete fagio, au kisu, na ukigeuka kumtazama anacheka kwa sababu anajua umesikia nini.

Mshauri wangu wa tatu alikuwa binti wa watu hao. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, maneno labda hamsini. Lakini alijua sanduku lililo tayari juu ya kabati. Alijua mama anayesema "tukirudi" kwa miaka arobaini bila kurudi. Nilipomwambia natuma pesa, hakuuliza kuhusu mipaka. Aliuliza: "Na wewe, nani anakutumia?" Nililia dakika kumi.

Lakini sitaki kukuuzia asali tupu. Mama yangu alifua nguo nyumba za Wahindi Mombasa alipokuwa msichana. Nilipoona jina la ukoo la mshauri huyu kwenye barua pepe nilisita siku nne. Kilichonifanya nibaki ni kwamba yeye mwenyewe alilileta: kikao cha kwanza alisema watu wake na watu wangu wana historia kule nyumbani, na kama itaingia chumbani humu nisiibebe peke yangu. Ikaingia, wiki ya tano. Tukaizungumza, na halikuwa zungumzo zuri, lakini sote wawili tulirudi wiki iliyofuata.

Wazo hili lina historia yake hapa. Mwaka 1983 Jafar Kareem, mhamiaji kutoka India, alianzisha London kituo cha Nafsiyat kwa ajili ya tiba ya tamaduni mbalimbali, na kituo kipo hadi leo kwa wakazi wa baadhi ya mitaa ya kaskazini ya jiji. Jinsi ninavyoielewa kazi yao, mshauri na mgonjwa hawalazimiki kutoka kijiji kimoja. Ila tofauti yao isifichwe chini ya zulia, iwe mezani kama sehemu ya kazi.

Wapo wahamiaji wabaya pia. Kuna wanaosema "sisi tulikuja na sanduku moja na hatukulia," na ukimpata huyo kimbia haraka kuliko unavyomkimbia Mwingereza asiyejua ramani.

Lugha nusu, safari kamili, umbali kamili. Kwangu hesabu ilitimia hapo.

Simu ya nyumbani, na shehe au mchungaji

Kwa kifupi. Mshauri wa Nairobi, Mombasa au Dar kwa njia ya video ni nafuu kuliko wa hapa, na lugha unaipata yote. Kenya ina bodi ya washauri na wanasaikolojia kwa sheria ya mwaka 2014, kwa hiyo una mahali pa kuulizia usajili. Kasoro ni mbili. Safari: wengi huko bado wanaamini aliye Ulaya hana haki ya kuhuzunika. Na dharura: ukizidiwa Leicester usiku, aliye Nyali hawezi kukupelekea gari la wagonjwa. Kubalianeni mapema atampigia nani. Kubalianeni na saa pia, maana kati ya "saa tatu" yenu na yake, pamoja na tofauti ya saa mbili kiangazi na tatu kipupwe, mimi nilishakosa kikao kizima.

Shehe au mchungaji mwendee. Kisomo na maombi vina mahali pake, na sijaona sababu ya kuvifanya vishindane na tiba. Anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa, huyo ndiye wa kuondoka kwake.

Kabla ya kulipa

Washauri wengi wa binafsi hutoa dakika 15 za simu bila malipo. Watu wetu hutumia dakika hizo kujieleza wao. Zitumie kumuuliza yeye. Mimi huuliza: nikikwambia nyumbani wanasema nina jini, wewe utasema nini? (Jibu zuri ni swali: "Na wewe unaonaje?") Umewahi kufanya kazi na mtu anayelisha nyumba mbili? Utaniitaje? Hapa hata bibi wa miaka sabini huitwa kwa jina lake kavu, na nimewasikia wakubwa wetu wakinyamaza kikao kizima kwa sababu hiyo tu. Mwambie akuite Bi, au Mama fulani. Ni neno moja, na ugumu wake wa kulitamka utakuonyesha mengi.

Ningekuchagulia nani? Kama umekuja kwa viza ya kutunza wazee baada ya 11 Machi 2024, siku sheria ilipobadilika na walezi wakakatazwa kuja na watoto, na wako umewaacha Nakuru au Moshi, usianze na kijitabu cha mazoezi. Tafuta mhamiaji, wa popote. Kama ni ndoa, talaka, au jambo ambalo mtaani kwenu lingekuwa aibu, nenda kwa asiye wa kwenu kabisa, hata kwa Mwingereza na mkalimani wa mji wa mbali. Kama ni msiba, na ulichokosa ni matanga na watu wa kulia nao, hapo wa kwetu hana mfano. Na kama umetoka Kivu au popote ukiwa umeteswa au kubakwa vitani, usipite kwenye mlango wa kawaida ukaishia kusimulia kwa watu watano. Kuna Freedom from Torture, iliyoanzishwa mwaka 1985 na Helen Bamber, ambayo kazi yake ni hiyo tu. Daktari au wakili wako anaweza kukuombea nafasi. Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa England hakuhitaji uonyeshe karatasi za uhamiaji, hata kama mpokezi anakuambia kunahitaji.

Usiku ukiwa mbaya wala huna mshauri wa aina yoyote: 111 ya NHS kisha chagua 2 kwa afya ya akili, Samaritans (watu wa kukusikiliza) 116 123, na 999 kama maisha yako hatarini sasa hivi.

La mwisho ni kuhusu kumwacha mshauri, kwa sababu hapo ndipo adabu yetu inapotuponza. Hatusemi; tunapotea. Hatupokei simu, tunasema tulikuwa safarini. Kwa NHS ukikosa vikao bila taarifa faili hufungwa, na kurudi ni kuanza foleni upya. Mimi nilituma ujumbe huu, unaweza kuuchukua: "Asante kwa ulichonifundisha. Ninahitaji mtu mwenye uzoefu wa wahamiaji. Naomba mnibadilishie bila kufunga faili langu." Nilijibiwa siku ya tatu, na hakuna aliyekasirika.